Damu, kauvimbe na hofu ya mfuko

SWALI: Dokta, miezi mitatu sasa natokwa damu nikienda haja kubwa na kuna kauvimbe kagumu pembeni ya njia ya haja. Napaka dawa ya bawasiri lakini wapi. Inaweza kuwa kansa? Nitawekewa mfuko wa kinyesi tumboni?

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Mara nyingi huwa ni bawasiri kweli, ila miezi mitatu bila nafuu inatosha, acha kupaka nenda ukapimwe. Daktari ataingiza kidole chenye glavu na jeli, atapapasa na mitoki ya kinena, kisha atachungulia ndani kwa kimrija chenye taa na akiona kitu anakata kinyama kidogo kinaenda maabara, hapo ndo jibu la uhakika maana macho peke yake yanadanganya. Usione aibu, kansa ya njia ya haja kubwa kwa kiasi kikubwa inaletwa na HPV, kirusi kinachoenezwa kwa ngono, na wengi tunakipata.

Kuhusu mfuko tulia kwanza. Hata ikiwa ni kansa, wengi wanaanza na mionzi pamoja na kemo (dawa za kuua kansa), kama wiki 5 au 6, na wengi wanapona bila kisu. Uvimbe unaweza kuendelea kusinyaa hata miezi 6 baadaye. Operesheni kubwa ya kuweka mfuko kwa kawaida ni ya uvimbe uliogoma au uliorudi.