Mkuu, usilipe kwanza. Mimi nina kiwanja huko na hakuna anayekitaka

Mkuu, toa kidole kwenye hicho kitufe. Nimesoma uzi wako mara mbili. Umeuliza kwa utulivu faida na hasara za dunia za mtandaoni, zile sehemu za kuchorwa kwenye kompyuta ambako watu hukutana, katika maisha ya kila siku: kama zinamsaidia mtu mwenye aibu, kama ile miwani ya uhalisia pepe inaumiza macho, kama mtoto wa miaka kumi aruhusiwe. Halafu mwisho kabisa, kama mtu anayekumbuka chumvi wakati chakula kimeshapakuliwa, umechomekea kwamba kuna kiwanja cha kidijitali ndani ya dunia hizo "umeshikiwa" na unatakiwa ulipe kabla ya Ijumaa. Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo uzi wenyewe.

Ijumaa yako naijua. Yangu iliitwa Jumapili.

Niliingia huko mguu wangu ukiwa kwenye plasta, wiki sita za kutazama dari. Nikakuta kikundi cha watu wanaofanya mazoezi ya kuongea Kifaransa. Tunakaa duara kuzunguka moto wa kuchora, kila mtu na avata yake, yaani umbo la kuchorwa linalomwakilisha, mimi nikiwa mbweha mwenye kofia. Mimi huyu ambaye mbele ya watu watano ulimi unakuwa mzito kama tofali, niliongea. Nikikosea hakuna anayeona jasho usoni, anamwona mbweha tu, na mbweha hatoki jasho. Wiki ya tatu nilikuwa napiga soga kwa Kifaransa kibovu lakini kinachoeleweka. Wawili kati ya wale watu tunawasiliana mpaka leo. Gharama ya hayo yote: sifuri. Shika hapo, nitarudi.

Pale motoni ndipo alipokuja yule bwana. Avata ya suti, sauti ya taratibu, anajiita mshauri wa ardhi ya kidijitali. Ilikuwa mwanzoni mwa 2022, na kama unakumbuka, Facebook walikuwa wamebadilisha jina la kampuni kuwa Meta Oktoba 2021, dunia nzima ikapandwa na wazimu wa hizi dunia za mtandaoni. Novemba kiwanja cha Decentraland, moja ya dunia hizo, kikauzwa kwa takriban dola milioni 2.4. Desemba mtu akatoa kama dola 450,000 ili awe jirani wa mwanamuziki Snoop Dogg ndani ya The Sandbox, dunia nyingine ya aina hiyo. Jamaa alitutumia vichwa hivyo vya habari kila asubuhi kama dozi. Na habari zilikuwa za kweli, ndiyo maana zilinimaliza. Ukidanganywa kwa uongo unaweza kushtuka, ukidanganywa kwa kweli tupu unajiona umesoma.

Hoja zake zilikuwa mbili. Ya kwanza, "ardhi haiongezeki." Ya pili, "nunua karibu na uwanja mkuu, watu watapita mlangoni kwako." Nikanunua. Akiba ya miezi kumi na minne, Jumapili saa nne usiku, mkono unatetemeka. Dunia niliyonunua sitaitaja jina, sina nguvu za kubishana na mashabiki wake.

Ungedhani niliishia hapo. Thubutu. Nikamlipa fundi wa kuunda vitu vya kidijitali anijengee ukumbi: viti arobaini, taa za manjano, zulia jekundu kuanzia mlangoni. Mpango ulikuwa kukodisha kwa mikutano na sherehe. Usiku wa ufunguzi walikuja wageni watatu. Wa kwanza aliniuliza namna ya kutoka. Wa pili alisimama akitazama ukuta saa nzima, baadaye nikaelewa kwamba mwenyewe alishaondoka mbele ya kompyuta zamani. Wa tatu alikuwa mimi, kwenye akaunti ya pili niliyofungua ili ukumbi usionekane mtupu. Nilijipigia makofi, mkuu. Kuna kitufe cha makofi.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo walipokuwekea mtego na wewe. Kiwanja cha kweli kando ya barabara kina thamani kwa sababu mtu ana miguu, na ili afike kule lazima apite hapa. Huko mtandaoni hakuna anayepita popote. Mtu anabonyeza jina la mahali, anatokea mahali. Mlango wangu ulikuwa hatua ishirini kutoka uwanja mkuu na haukupitiwa hata kwa bahati mbaya, kwa sababu hakuna aliyetembea hizo hatua.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba hili lilishatokea. Second Life, dunia ya mtandaoni iliyofunguliwa 2003, zamani ukitaka kuruka kwenda sehemu ulitua kwanza kwenye kituo, halafu unamalizia mwenyewe. Watu wakanunua viwanja kuzunguka vile vituo kwa bei ya juu. Mwaka 2005 kampuni ikaruhusu watu kuruka moja kwa moja popote. Faida ya kukaa karibu na kituo ikayeyuka. Yaani mwenye dunia alibadilisha kanuni moja kwenye programu, na "eneo zuri" likawa eneo tu. Habari hiyo ilikaa mtandaoni miaka kumi na saba ikinisubiri niisome, mimi niko bize nachagua rangi ya zulia.

Na hilo la ardhi haiongezeki? Decentraland wameweka viwanja 90,601. The Sandbox wameweka 166,464. Nani aliweka hizo namba? Wao. Mwingine mwenye seva, yaani kompyuta za kuendeshea dunia hizo, na waandishi wa programu anafungua dunia yake kesho na kuweka milioni. Huo uhaba ni wa kuandikwa na mtu, na aliyeuandika ndiye anayekuuzia.

Atakuja mtu kusema "lakini umiliki uko kwenye blokcheini, daftari la kidijitali lisilofutika, hakuna wa kukunyang'anya." Sawa. Hati itabaki. Ila ukumbi wangu unaonekana kwa sababu kuna seva inauonyesha na programu inayoufungua. Hizo zikizimwa nabaki na hati safi kabisa ya mahali pasipoingilika. The Sims Online, dunia nyingine ya mtandaoni, ilizimwa 2008. AltspaceVR, nyingine ambayo Microsoft waliinunua, ilifungwa Machi 2023. Hakuna aliyefukuzwa kwa fujo, taa tu zilizimwa.

Kabla wadau wa Second Life hawajanipopoa: najua iko hai, najua kuna watu wanaingiza hela halali kwa kuuza nguo na nywele za avata. Hao wanauza kazi ya mikono yao. Mimi na wewe tunatafuta kununua hewa ili tumuuzie mwenzetu hewa ileile kwa bei kubwa zaidi. Ni biashara mbili tofauti.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na imenigharimu miezi kumi na minne: usilipie kitu ambacho ukizima mashine huondoki nacho. Kifaransa nimeondoka nacho. Marafiki nimeondoka nao. Ukumbi uko kule unameremeta peke yake.

Yule mshauri? Nilipomlalamikia alinijibu kwamba sina moyo wa mwekezaji. Ndipo nikarudi kukiangalia kiungo alichotutumia kununulia, mkiani kuna jina lake la mtumiaji. Kila aliyenunua kupitia pale, yeye alikatiwa chake. Kwa hiyo alipokuwa akiniambia "mimi nitafurahi ukifanikiwa," alikuwa ameshafurahi tayari. Sasa hivi anauza kozi ya akili mnemba, avata imebadilisha suti. Mkuu, angalia mkia wa kiungo chako kabla ya kunijibu kwamba wako ni tofauti.

Kuhusu miwani: kinachosumbua zaidi ni kichefuchefu. Macho yanaambiwa unakimbia, sikio la ndani linasema umekaa kwenye kiti, tumbo linapata ujumbe wa wote wawili. Anza na dakika kumi ukiwa umekaa, ukihisi joto la ghafla usoni vua hapohapo, usijikaze. Lakini huihitaji kuanza, mimi nilitumia kompyuta ya kawaida muda wote. Aibu nimeshakujibu, tafuta kikundi chenye shughuli maalumu, usiende kuzurura.

Nilikuwa na jambo lingine umeuliza, limenitoka.

Kiwanja changu kiko sokoni mwaka wa tatu sasa. Nimeshusha bei mara sita. Ofa ya mwisho ilitoka kwa mtu aliyetaka nimpe bure, ada ya kuhamisha umiliki nilipe mimi, na viti nivitoe kwanza kwa sababu havipendi. Nimemwambia anipe siku mbili nifikirie.