Mfumo wa Watu Elfu kwa Watu Kumi na Wawili

Juzi msomaji mmoja wa Malindi ameniandikia: "Dada, tuko watu wanane na boti mbili za watalii. Mwalimu wa semina katwambia bila ISO 9001 hatufiki mbali. Tufanyeje?" ISO 9001 ni kiwango cha kimataifa cha kusimamia ubora wa kazi; unakaguliwa, ukifaulu unapewa hati. Nikacheka, kisha kicheko kikanikauka, maana semina za aina hiyo nazijua.

Niliwahi kukaa kwenye moja. Mshauri alituletea Balanced Scorecard, ule mfumo wa Kaplan na Norton wa mwaka 1992 wa kupima biashara kwa pande nne: fedha, wateja, shughuli za ndani, kujifunza na kukua. Mfumo wenyewe hauna ubaya. Unamfaa mkurugenzi ambaye hajui hata sura ya mtu wa stoo na anataka kujua mambo yanakwendaje. Nikanyoosha mkono nikauliza: mimi watu wangu kumi na wawili nawaona kila alfajiri pale jeti, hayo majedwali ya kila mwezi atayasoma nani? Akanijibu mbele ya watu kwamba hayo ndiyo mawazo ya kienyeji yanayoturudisha nyuma. Ukumbi mzima ukacheka. Sijasahau, na sina haja ya kusema nimesamehe.

Basi nikarudi Lamu nikafanya ya kienyeji. Kazi yetu ni kupokea wageni uwanja wa ndege wa Manda, kuwavusha, na kuwatembeza kijiji cha Shela na magofu ya Takwa. Kilichokuwa kikituumiza hakikuwa mikakati. Ilikuwa nahodha kufika na wageni wanane, jaketi za kuokolea maisha tano, na dumu la petroli limechukuliwa na mwenziwe usiku. Kwa hiyo nikachukua 5S ya Wajapani, njia ya kupanga mahali pa kazi kwa hatua tano, ambayo hospitali za Tanzania zimekuwa zikiitumia kwa Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Stoo yote tukaitoa nje. Kamba zilizooza zikaenda, na plagi za mashine tuliyokwisha kuiuza zamani nazo zikaenda. Kila jaketi ikapata msumari wake ukutani, na namba ya boti kwa rangi nyekundu. Jioni msumari ukiwa mtupu, nahodha hajafunga kazi. Hakuna cha kuandikiana ripoti.

Kisha ubao wa chaki, ambao ni kanban ya Toyota bila jina, yaani njia ya kuonyesha kila kazi imefika wapi: safari zinazosubiri, zilizoko majini, zilizokwisha. Tukaongeza safu ya maji, kwani kule Takwa unaingia maji yakijaa. Yakitoka, boti inalala kwenye matope na wageni ndani. Safu hiyo hutaikuta kwenye slaidi ya mtu. Nahodha wetu mmoja mzee hapendi kuandika, yeye huchora tanga na kila mtu anajua ni safari yake.

Mwezi uliopita hoteli moja imetupa kazi ya kuvusha wageni wake msimu mzima. Mkaguzi wao alisimama mbele ya ile misumari, akahesabu jaketi, akatia sahihi. Scorecard hakuiulizia.

Sasa wewe wa Malindi, na wenzako mnaotaka kukua kama sisi sote tunavyotaka. Anza na kinachokuuma, si na jina linalong'aa. Nasema tena, kinachokuuma. ISO 9001 inaweza kutumiwa hata na watu wanane, na tangu toleo la 2015 hulazimiki kuandika kile kitabu kinene cha mwongozo. Lakini hati yake hudumu miaka 3, mkaguzi hurudi kila mwaka, na kila akirudi unalipa. Yaliyomo unaweza kuyafanya bila hati: andika malalamiko ya mgeni, tafuta chanzo, hakikisha hayarudii.

Mambo hubadilika pale unapoacha kuwaona watu wako. Sisi tumeweka vijana Mokowe, ng'ambo upande wa bara, na ubao wa jeti ya Lamu hawauoni. Kwao tumeanza OKR, yaani malengo na matokeo ya kuyapima, ile aliyoibuni Andy Grove pale Intel na John Doerr akaipeleka Google mwaka 1999: lengo moja kwa robo mwaka na vipimo vitatu vya kulijua limefikiwa. Tumezuia visizidi vitatu, na wanavituma kwa simu kila Ijumaa kabla ya swala.

Kwa hiyo mrudie mwalimu wako umuulize ni mteja gani wenu aliyeidai hiyo hati ya ISO. Akikutajia jina, niandikie tena tuzungumze gharama.