Usiyaruke Mabano: Namna ya Kumsoma Virginia Woolf

Mara ya kwanza nilipojaribu kumsoma Virginia Woolf, mwandishi Mwingereza wa riwaya na insha, nilianza na "Mrs Dalloway", riwaya yake ya mwaka 1925 ambayo yote imo ndani ya siku moja ya mwezi Juni jijini London, na niliiweka chini kabla sijafika ukurasa wa hamsini. Nilikuwa nimezoea riwaya inayomshika msomaji mkono: fulani kazaliwa, kaoa, kasafiri, kafikwa na mkasa. Humu mwanamke anatoka kwenda kununua maua, Big Ben inagonga saa, na fikra zinahama kutoka kichwa cha mtu mmoja na kuingia cha mwingine bila hodi. Ilipita miaka kadhaa kabla sijamrudia, na haya nayaandika kwa ajili ya yeyote aliyekwama pale nilipokwama mimi.

Ushauri wangu wa kwanza ni kuingilia mlango wa insha. Anza na "A Room of One's Own", kitabu cha mwaka 1929 kilichotokana na mihadhara miwili aliyoitoa Oktoba 1928 kwa wanafunzi wa Newnham na Girton, vyuo vya wanawake huko Cambridge. Hoja yake kuu inafahamika: mwanamke anayetaka kuandika riwaya anahitaji chumba chake mwenyewe na fedha, na fedha hizo alizitaja kwa hesabu, pauni 500 kwa mwaka. Lakini usiishie kwenye hoja, tazama chakula. Mchana, katika chuo cha wanaume, msimuliaji anaandaliwa samaki, kisha kwale pamoja na michuzi na saladi zake, na bilauri za divai zinajazwa kila zinapopungua. Usiku, katika chuo cha wanawake, ni supu nyepesi, nyama ya ng'ombe na viazi, kisha plamu kavu zenye nyuzinyuzi na kastadi, na jagi la maji linazungushwa mezani. Woolf hapazi sauti. Anazieleza zile plamu tu, na msomaji anatambua mwenyewe ni nani waliowekewa akiba karne kwa karne na ni nani ambao hawakuachiwa kitu.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba mwandishi huyu hupenda kuyaweka mambo mazito mahali padogo, na asomaye kwa haraka huyapita. Mimi niliyapita. Katika "To the Lighthouse", riwaya ya mwaka 1927, sehemu ya kwanza inatuweka jioni moja na Mrs Ramsay, mama wa watoto wanane, katika nyumba yao ya likizo kwenye kisiwa cha Skye. Anafuma soksi ya mtoto wa mlinzi wa mnara wa taa, mtoto mgonjwa wa nyonga, na anaipima kwenye mguu wa mwanawe James, ambaye hataki kutulia; soksi bado ni fupi. Unampenda mama huyu kabla hujajua kwamba unampenda. Kisha inakuja sehemu ya pili, kurasa chache zinazobeba miaka kumi, nyumba ikiwa tupu, upepo na unyevu vikiingia vyumba vyote. Na humo, ndani ya mabano ya mraba, katika sentensi moja, Mr Ramsay ananyoosha mikono yake asubuhi yenye giza, lakini kwa kuwa mkewe alifariki ghafla usiku uliotangulia, mikono inabaki mitupu. Basi. Watoto wake wawili, Prue na Andrew, nao wanakufa ndani ya mabano.

Nilisoma kurasa zile usiku, nikiwa nimechoka, nikafika sehemu ya tatu huku bado namtafuta Mrs Ramsay ndani ya nyumba. Ikabidi nirudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa, hadi nikayaona yale mabano. Mama yangu alifariki nikiwa mbali, na habari ile niliipata kwa simu, katikati ya mazungumzo ya nauli. Sijasoma mahali pengine palipolieleza jambo hilo jinsi lilivyonifika.

Tangu hapo nasoma nikiwa na penseli. Kiswahili chetu hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika kitenzi: "alifikiri" ni wote wawili, na ukiwa unajitafsiria kichwani unapoteza haraka ni nani anayefikiri. Naandika herufi pambizoni, R kwa Mrs Ramsay, L kwa Lily Briscoe yule mchoraji, kila fikra zinapohamia kwa mwingine. Baada ya riwaya hii "Mrs Dalloway" ilinifungukia yenyewe. "The Waves", ya mwaka 1931, yenye sauti sita zinazopokezana, iache hadi mwisho.

Penseli hiyo hiyo iwe mkononi anapotukosea. Mwezi Februari 1910, akiwa na miaka 28, alijipaka weusi usoni, akabandika ndevu za bandia, akapanda manowari ya Dreadnought pamoja na wenzake waliojifanya ujumbe wa kifalme kutoka Uhabeshi. Mdogo wake Adrian, aliyekuwa mkalimani, alikuja kuandika kwamba ndani ya treni walijaribu kujifunza maneno kutoka kitabu cha sarufi ya Kiswahili, na yalipomwishia akachanganya Kilatini na Kigiriki. Lugha yetu ilitumika kama kelele ya kuwachekesha. Na ndani ya "A Room of One's Own" imo sentensi moja, ya kupita tu, isemayo kwamba mwanamke anaweza kumpita mwanamke mweusi mzuri sana bila kutamani kumfanya Mwingereza. Alikusudia kuwasuta wanaume wenye tamaa ya kutawala, lakini neno "mwanamke" katika sentensi ile halimhesabu yule anayepitwa. Katika nakala yangu sentensi hiyo nimeipigia mstari kwa nguvu ile ile niliyoyapigia mabano ya Mrs Ramsay.