Kwa walimu wapya wa sekondari msingi: mradi wa mwanafunzi na taarifa ya Bodi ni kazi moja

Kila mara dirisha la kupakia alama za miradi, yaani kazi za vitendo za tathmini ya shuleni, linapokaribia kufungwa, walimu wapya wa Gredi ya 7 hadi ya 9, hasa walimu tarajali walio kwenye mkataba wa muda, huanza kupiga simu usiku, na maswali yao huwa yale yale yaliyoulizwa na waliowatangulia: karatasi ya alama iko kwa nani, mtoto aliyehama anaandikwaje, na mwalimu mkuu ataiambia nini Bodi ya Usimamizi siku ya mkutano. Nimeratibu tathmini katika shule zinazofadhiliwa na Kanisa Katoliki kwa muda wa kutosha kujua kwamba mengi ya makosa haya hayatokani na uvivu. Yanatokana na dhana kwamba mradi wa mwanafunzi ni kazi ya darasani na taarifa ya Bodi ni kazi ya ofisini, ilhali ni kazi moja inayoanzia kwenye kitalu cha sukuma wiki na kuishia kwenye kumbukumbu za mkutano. Nawaandikia kwa upendo, na pia kwa sababu nimechoka kuyarudia haya kwenye simu.

1. Pakua maelekezo ya Baraza la Mitihani la Kenya (KNEC) mara tu yanapotolewa, uyasome yote pamoja na vigezo vya kutoa alama, kabla hujawatajia wanafunzi neno mradi.

2. Ingiza alama kwa kufuata jina na namba ya tathmini ya kila mtoto, wala usifuate mpangilio wa rejista. Hili nitalieleza kwa urefu kwa sababu niliona gharama yake.

Katika shule moja ambayo sitaitaja, Gredi ya 8 ilipewa mradi wa Kilimo. Watoto walipanda mboga katika magunia na mitungi ya plastiki iliyokatwa, wakaandika kwenye madaftari tarehe ya kupanda, ya kutia mbolea na ya kuvuna. Mwalimu wao, kijana mwenye bidii ambaye ningefurahi kufanya naye kazi tena, alipita kila gunia akiwa na rejista mkononi, akachunguza majani, akauliza maswali, akaandika alama mbele ya kila jina. Kufikia hapo kazi ilikuwa safi.

Tatizo lilizuka siku ya kupakia. Kulikuwa na mtoto aliyehamia shule nyingine mwanzoni mwa muhula. Jina lake lilikwisha kukatwa kwenye rejista, lakini kwenye mfumo wa Baraza lilikuwapo bado kwa kuwa uhamisho haukuwa umekamilishwa. Umeme ulipotea mchana kutwa na kurudi usiku, saa chache kabla ya dirisha kufungwa, na mwalimu akamwomba karani amsaidie ili kazi iende haraka: mmoja asome, mwingine aingize. Walisoma alama peke yake, bila majina. Orodha zile mbili zilifuata mpangilio ule ule, ndiyo maana hakuna aliyeshuku kitu. Walipofika kwa mtoto aliyehama, alama ya aliyemfuata ikaingia mahali pake, na kutoka hapo kila mtoto akapewa alama ya mwenzake hadi mwisho wa orodha. Msichana wa mwisho akabaki bila alama. Hapo ndipo wangesimama na kurudi juu, lakini muda ulikuwa umekwisha, nao wakamkadiria alama kwa jinsi walivyomfahamu, wakawasilisha.

Wiki iliyofuata Bodi ilikutana. Taarifa ya mwalimu mkuu ilikuwa na sentensi moja tu juu ya jambo hili, kwamba tathmini ya Gredi ya 8 ilikuwa imekamilika na alama zote kuwasilishwa. Wajumbe wakaipokea, ikaingia kwenye kumbukumbu, na nakala ikapelekwa kwa ofisi ya elimu ya jimbo la Kanisa. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyehakiki, kwa sababu sentensi yenyewe haikuacha nafasi ya kuuliza.

Kosa liligunduliwa na mzazi. Mama mmoja, ambaye binti yake alivuna mboga za kutosha kupeleka nyumbani mara kwa mara, aliona mtoto wake amewekwa kwenye kiwango cha chini kabisa. Alikuja shuleni na daftari la mradi, akaliweka mezani mwa mwalimu mkuu na kufungua ukurasa baada ya ukurasa bila kupandisha sauti. Tangu hapo ilikuwa barua kwa Mkurugenzi wa Elimu wa kaunti ndogo, barua kwa Baraza, kikao cha dharura cha Bodi, na kumbukumbu zilizokwisha kutiwa sahihi kulazimika kusahihishwa mbele ya wajumbe wale wale waliozipitisha. Watoto waliohifadhi madaftari yao waliweza kuonyesha kazi waliyoifanya. Wale ambao madaftari yao yalikwisha kutumiwa kuwashia moto jikoni hawakuwa na cha kuonyesha, na kwao hakuna aliyeweza kusema lolote kwa uhakika. Yule mwalimu kijana alikaa katika kikao kile kuanzia mwanzo hadi mwisho, na sijasahau uso wake.

Mtu akikwambia kwamba mradi ni jambo dogo, mkumbushe hesabu. Katika kumpangia mtoto nafasi ya Gredi ya 10, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 zina uzito wa asilimia 20, sawa na mtihani wote wa KPSEA, ule wa kumaliza shule ya msingi katika Gredi ya 6, na asilimia 60 zinazobaki ni za KJSEA, mtihani wa kumaliza sekondari msingi katika Gredi ya 9. Kwa hiyo alama ya gunia la sukuma wiki inamfuata mtoto hadi kwenye lango la sekondari ya juu.

3. Wewe si mjumbe wa Bodi, lakini sentensi zako ndizo zinazosomwa humo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inaweka katika Bodi wawakilishi sita wa wazazi, watatu wa mfadhili na mmoja wa walimu, pamoja na wengine, na mwalimu mkuu ndiye katibu. Katika shule zetu, watatu hao wa mfadhili hutoka kwa Kanisa, na mara nyingi paroko ni mmoja wao. Hawa ni watu wanaotaka kusaidia, ila hawawezi kusaidia kama hawajui hali ilivyo. Mwalimu mkuu akikuomba aya ya taarifa, usimwandikie kwamba kazi inaendelea vizuri. Mwandikie ni wanafunzi wangapi walioandikishwa, wangapi waliokamilisha mradi, nani amekosa na kwa sababu gani, uhamisho upi haujakamilishwa, nani alipakia alama na nani alizihakiki, na karatasi zenye sahihi ziko katika faili gani. Kila sentensi iwe na karatasi yake. Kama sentensi haina karatasi, ifute.

4. Usichukue kipindi cha PPI, yaani kipindi cha malezi ya kiroho, kumalizia miradi. Najua kinavutia, kwa sababu hakitahiniwi na darasa zima liko pale, lakini malezi hayo ni sehemu ya jukumu ambalo Sheria hiyo hiyo ya Elimu ya Msingi inampa mfadhili. Kasisi mlezi akifika akute watoto wako shambani, jambo hilo litaingia kwenye ajenda ya Bodi kabla ya mradi wako. Zaidi ya hayo, mnaweza kusaidiana. Kampeni ya Kwaresima ya Kanisa nchini Kenya huwa na mada ya kila wiki, na nimeona kasisi na mwalimu wa Kilimo wakikaa pamoja Januari, wakapanga mboga za mradi zipelekwe kwa wazee wa parokia. Watoto walizitunza kuliko mradi wowote niliowahi kuutathmini.

5. Picha za watoto na kazi zao hazipelekwi kwenye makundi ya WhatsApp bila idhini ya mzazi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 iko wazi kuhusu watoto, na mwaka 2023 Kamishna wa Kulinda Data aliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo.

6. Tumia vifaa vinavyopatikana karibu, usiwaagize wazazi dukani.

7. Mkataba wako wa utarajali ukikaribia kwisha, usiondoke na alama kwenye simu yako. Kabidhi kwa maandishi: karatasi za alama zilizotiwa sahihi, nakala iliyochapishwa kutoka kwenye mfumo baada ya kupakia, orodha ya waliohama na waliohamia, na madaftari ya miradi yakiwa yamefungwa pamoja kwa mkondo. Mwalimu mkuu atie sahihi kwamba amepokea, nawe ubaki na nakala. Mwalimu atakayepokea darasa hilo mwezi Januari huenda asipate nafasi ya kuzungumza nawe, na Bodi itakapomuuliza kuhusu mtoto uliyemtathmini wewe, atakuwa na faili hiyo peke yake.