Kwa nini ligi mbili zinataka visimbuzi viwili: jibu kwa mwenye kibanda cha mpira Mwanga

SWALI: Ninaendesha kibanda umiza hapa Mwanga, Kigoma Mjini. Ili wateja wangu waone Ligi Kuu yetu na ile ya Uingereza, ninalipia visimbuzi viwili kila mwezi. Naomba mtaalamu anieleze: kampuni za televisheni hugombeaje haki za matangazo hata mpira ukagawanyika namna hii, na nani hasa anayeamua? Vilevile, jirani yangu ana kisimbuzi kilichotoka Bujumbura ambacho huonyesha mechi zilezile za Uingereza kwa Kifaransa. Je, nami naweza kukitumia kibandani?

JIBU: Ndugu yangu, nianze na hilo la nani anaamua, kwa kuwa ndilo linalobeba mengine yote. Wengi hudhani kwamba vita ni vya kampuni za televisheni peke yao, na kwamba mwenye fedha nyingi hujitwalia anachotaka. Katika kazi yangu ya uwakili nimeona kwamba mwenye usemi mkubwa ni muuzaji, yaani ligi au shirikisho, kwa sababu yeye ndiye anayekata mali yake vipande kabla ya kuiingiza sokoni. Jinsi anavyoikata ndiyo huamua nani ataweza kununua, kwa bei gani, na hatimaye wewe utahitaji visimbuzi vingapi.

Mkataba wa haki za matangazo ni ruhusa yenye mipaka. Hutaja nchi ambazo mnunuzi ataonyesha mechi, lugha ya utangazaji, njia ya kurushia, iwe setilaiti, antena, intaneti au redio, idadi ya misimu, mechi zipi za wiki, na kama picha itaonekana majumbani tu au hata mahali pa umma. Juu ya hayo yote hukaa kifungu cha upekee, na hicho ndicho chenye fedha. Mechi inayopatikana katika chaneli tatu haimlazimishi mtu kununua kisimbuzi cha yeyote kati ya hao watatu, kwa hiyo kampuni inayoishi kwa ada za vifurushi hulipa zaidi ili wenzake wasiwe na mechi hiyo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Uingereza kwenyewe. Mwaka 1992, kituo cha Sky kilijijenga kwa kuchukua mechi za moja kwa moja za Ligi Kuu mpya, na kwa miaka mingi kikabaki nazo peke yake. Tume ya Ulaya ikaingilia, na kuanzia msimu wa 2007/08 ikawa marufuku kwa mnunuzi mmoja kuchukua mafungu yote ya mechi. Katika mnada wa Februari 2015, kwa misimu ya 2016 hadi 2019, ligi iligawa mechi 168 za kila msimu katika mafungu saba: matano ya mechi 28 na mawili ya mechi 14. Sky ilitwaa mafungu matano, na BT, kampuni ya simu na intaneti, ikachukua mawili. Jumla ilikuwa pauni bilioni 5.136, kutoka takriban bilioni 3 katika mkataba uliotangulia.

Ukigawanya hesabu hiyo utaona jambo. Sky ililipa wastani wa pauni milioni 11 kwa kila mechi, na BT wastani wa milioni 7.6. Mchezo ni uleule na timu ni zilezile. Kilichotofautiana ni siku na saa. Fungu la Jumapili jioni, ambalo hukutanisha vigogo mara kwa mara, lilikuwa mikononi mwa Sky. Tofauti nyingine ilikuwa katika kile ambacho kila mmoja alikuwa anakilinda. Sky ilikuwa inalinda wateja ambao bila mpira wangeondoka, ilhali BT ilikuwa imeanza mwaka 2013 kuwapa mpira bure wateja wake wa intaneti, ili wasihamie kwa Sky, ambayo nayo ilikuwa ikiuza intaneti. Haki za mpira zilikuwa silaha katika ugomvi wa biashara nyingine kabisa. Na angalia matokeo: hatua iliyokusudiwa kuleta ushindani ilimpandishia muuzaji bei, na shabiki wa Uingereza akaanza kulipia ada mbili pale alipokuwa akilipia moja. Kwa hiyo kero yako si ya Kigoma peke yake.

Zabuni hizo hutolewa kwa siri. Pale mwaloni Kibirizi, mchuuzi wa dagaa humsikia mwenzake akitaja bei na anaweza kuongeza kidogo au kuacha. Katika mnada huu kila mmoja huandika bei yake bila kujua ya mwenzake. Anayeogopa kupoteza hujikuta akishindana na kivuli. Wahasibu wake hukadiria wateja wangapi watakuja kwa sababu ya ligi hiyo, wangapi watahama ikikosekana, matangazo ya biashara yataleta kiasi gani, na sarafu ya nchi itakuwa na thamani gani siku ya kulipa, maana mara nyingi haki za kigeni hulipiwa kwa dola ilhali mteja hulipa kwa shilingi. Makadirio ya washindani hupishana, na ni kawaida anayeshinda kuwa yule aliyekadiria juu kupita kiasi.

Afrika imeonja matunda ya makosa hayo. Kampuni ya GTV ilinyakua sehemu kubwa ya mechi za Ligi Kuu ya Uingereza kwa Afrika kusini mwa Sahara mwaka 2007, ikauza visimbuzi katika nchi kadhaa, na Januari 2009 ikafilisika huku wateja wakibaki na madishi yasiyo na picha. Ufaransa nayo iliipa kampuni ya Mediapro sehemu kubwa ya mechi za Ligi Kuu yao kwa takriban euro milioni 800 kwa mwaka, bila dhamana ya benki. Msimu ulipoanza mwaka 2020, kampuni hiyo ilishindwa kulipa baada ya miezi michache tu, na mwaka uliofuata Amazon ikachukua mechi nane za kila raundi kwa takriban euro milioni 250. Ndiyo maana mimi, ninapopitia zabuni, hutazama ukurasa wa dhamana na ratiba ya malipo kabla ya kuitazama bei. Bei kubwa isiyo na dhamana ni ahadi tu.

Sasa turudi nyumbani. Mei 2021, TFF, yaani shirikisho la mpira wa miguu nchini, na kampuni ya televisheni ya Azam Media walitia saini mkataba wa miaka 10 wa haki za televisheni za Ligi Kuu ya Tanzania Bara, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Ukilinganisha na mizunguko ya miaka mitatu iliyokuwa ikitumika Uingereza wakati huo, muda huo ni mrefu sana, na una pande mbili. Ligi imejinyima nafasi ya kurudi sokoni mapema bei ikipanda. Kwa upande mwingine, hakuna mtu mwenye akili timamu atakayenunua magari ya matangazo na kufundisha wapiga picha kwa ajili ya haki zitakazokwisha baada ya misimu miwili. Mimi naona shirikisho lilichagua uhakika, na kwa ligi ambayo klabu nyingi hazina mapato ya maana ya viingilio, uchaguzi huo unaeleweka.

Jambo hilo la magari halionekani vizuri ukiwa mbele ya runinga. Anayenunua Ligi Kuu ya Uingereza hupokea picha iliyokwisha kutengenezwa hukohuko, akaongeza watangazaji wake tu. Anayenunua ligi yetu hununua pia kazi ya kuitengeneza picha. Timu ya Mashujaa inapocheza Uwanja wa Lake Tanganyika, au Simba na Yanga walipokutana hapo kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho mwezi Julai 2021, kamera, nyaya, jenereta, mafundi na mtambo wa kurushia setilaiti vyote vinapaswa kuwepo Kigoma, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Dar es Salaam, kwa ajili ya dakika 90. Mshindani anayetaka kuinyang'anya Azam haki hizo siku za usoni atalazimika kuonyesha kwamba anaweza kufanya hivyo kila wiki, Kigoma na Tabora pamoja na kwingineko, na wenye uwezo huo ni wachache.

Kuhusu kisimbuzi cha Bujumbura, hapo ndipo mpaka wa nchi na wa lugha unapofanya kazi. Kwa miaka mingi haki za Ligi Kuu ya Uingereza kwa nchi zetu zimekuwa za SuperSport, chaneli za michezo za kisimbuzi cha DStv, na kwa nchi za Afrika zinazotumia Kifaransa zimekuwa za Canal+. Ni kweli kwamba Septemba 2025 Canal+ ilikamilisha kuichukua MultiChoice, mmiliki wa SuperSport, lakini mmiliki kuwa mmoja hakufuti mipaka iliyoandikwa ndani ya kila mkataba. Mipaka hiyo huleta hata vichekesho: mechi za Jumamosi saa tisa alasiri za Uingereza haziruhusiwi kuonyeshwa moja kwa moja huko kwao, ili kulinda viingilio vya uwanjani, ilhali wateja wako wa Mwanga huziona saa kumi na moja au kumi na mbili jioni bila shida.

Huenda umesikia kuhusu mwenye baa wa Portsmouth aliyetumia kisimbuzi cha Ugiriki kwa bei nafuu. Oktoba 2011 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilisema kwamba haki za matangazo haziwezi kumzuia mtu kununua kisimbuzi cha nchi nyingine mwanachama wa Umoja wa Ulaya, lakini ikaongeza kwamba nembo, wimbo wa ligi na michoro ya kwenye skrini vina hakimiliki, na kuvionyesha ndani ya baa kunahitaji ruhusa. Hukumu hiyo ilijengwa juu ya sheria za soko la Ulaya, nayo haifungi mahakama zetu. Hapa tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo hulinda matangazo ya televisheni.

Kwa hiyo nakushauri usikitumie kibandani. Kisha chunguza jambo lililo karibu zaidi: visimbuzi vyako viwili vimesajiliwa kwa matumizi ya nyumbani au ya biashara? Haki ya kuonyesha mbele ya wateja wanaolipa kiingilio huuzwa kama fungu la peke yake, na kifurushi cha familia hakiibebi hata kama umelipa kila mwezi bila kuchelewa. Nenda kwa wakala na risiti zako, uliza kwa maandishi kuhusu kifurushi cha biashara, na jibu lake ulihifadhi pamoja na leseni yako.