Chora kwantaili kabla hujasema data yako ni ya kawaida

Juzi usiku nimepata meseji ya mdogo wangu mmoja yuko Mkoani, Pemba, anamalizia ripoti ya chuo, ananambia "Dada, histogramu yangu imetoka kama kengele, si inatosha kusema data inafuata mgawanyo wa kawaida?" Mgawanyo wa kawaida ndo ule wa kengele, data nyingi katikati, na chache zinapungua sawasawa pande zote mbili. Wallahi nimeisoma mara tatu, maana maneno hayohayo niliyasema mie mbele ya watu na mpaka leo nikiyakumbuka moyo unanienda mbio.

Ngoja nikuhadithie. Utafiti wangu ulikuwa wa pweza. Nilikuwa nashinda Tumbe, kina mama wakirudi kuchokoa maji ya bamvua mie niko na daftari langu pembeni ya mizani naandika kilo. Wastani ukatoka kilo 1.6, mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi kilo zilivyotawanyika kando ya wastani, kilo 1.3. Histogramu, ile grafu ya nguzo zinazohesabu pweza wangapi wako kila kundi la uzito, ikanitoka imejaa kushoto, mkia mrefu kulia, sikuipenda, nikapanua makundi, nikapanua tena, mpaka kikatokea kilima kama ninachokitaka. Nikaandika data ni ya kawaida, nikenda zangu kulala.

Siku ya kutetea, mwalimu mmoja wa jopo akaniuliza kwa upole tu, kwa mgawanyo wako huu pweza wangapi wana uzito chini ya sifuri? Nikapiga hesabu palepale mikono inatetemeka, sifuri iko michepuko 1.23 chini ya wastani, ikatoka karibu pweza 11 katika kila 100. Pweza wa kilo hasi! Ukumbi mzima ukacheka. Akauliza tena, grafu ya kwantaili umechora, ile inayolinganisha data yako na namba ambazo mgawanyo wa kawaida ungetoa? Nikanyamaza. Nikarudishwa. Wenzangu wanavaa majoho mie niko melini narudi Pemba, na miaka yote ile pale chuoni hakuna hata mmoja aliyenionesha hiyo grafu. Hilo bado linaniuma, sisemi uongo.

Nilijifunza nyumbani kwa penseli na karatasi ya miraba. Chukua pweza watano tu, wapange mdogo mpaka mkubwa: kilo 0.5, 0.9, 1.3, 1.9, 3.6. Kila mmoja mpe nafasi yake, namba yake ya mstari toa nusu, gawa kwa watano, unapata 0.1, 0.3, 0.5, 0.7, 0.9. Sasa uliza, kwenye mgawanyo wa kawaida wenye wastani sifuri na mchepuko 1, nafasi hizo ziko wapi? Ziko -1.28, -0.52, 0, 0.52, 1.28. Hizo ndo kwantaili za nadharia, yaani namba ambazo sehemu hiyo ya data ingekuwa chini yake, ziweke chini, kilo zako ziweke kwenye mhimili wa kusimama, tia nukta. Data ikiwa ya kawaida nukta zinakaa kwenye mstari ulionyooka. Zangu zilianza taratibu halafu zikapanda kama mnazi uliopinda, yule wa kilo 3.6 yuko juu peke yake. Nikachukua logi ya kila kilo, hesabu inayobana namba kubwa zaidi kuliko ndogo, nikachora upya, na nukta zikanyooka. Nililia jamani, peke yangu barazani, kwa sababu jibu lilikuwa ndani ya daftari langu siku zote.

Siku hizi kwenye R, programu ya takwimu, unaandika qqnorm inatia nukta, kisha qqline inachora mstari, umemaliza. Ila ujue ule mstari wa qqline unapitishwa kwenye robo ya kwanza na robo ya tatu ya data, pale ambapo robo moja na robo tatu za data ziko chini, kwa hiyo katikati mara nyingi patapendeza tu, macho yako yaende kwenye ncha. Ncha zote mbili zikipindia juu kama bakuli, mkia wako mrefu uko kulia. Kushoto zikishuka chini ya mstari na kulia zikapanda juu yake, mikia yote miwili ni mizito. Ukiona ngazi ngazi usishtuke, mpimaji alikuwa anakadiria kwa nusu kilo, mie yangu ilijaa ngazi.

Na sampuli ndogo inayumba hata ikiwa ya kawaida kabisa. Mwambie rnorm, amri ya R inayozua data ya kawaida, akutolee sampuli 20 za idadi ileile ya data yako, zichore zote, uone zinavyoyumba, kisha ndo uihukumu yako. Usiniambie nimeshafanya jaribio la Shapiro na Wilk, lile la kupima kwa namba kama data ni ya kawaida, jaribio hilo ukiwa na data chache linapitisha karibu kila kitu, ukiwa nazo nyingi linakataa hata kasoro isiyo na maana, na halikwambii tatizo liko wapi. Grafu inakwambia. Wilk huyohuyo na Gnanadesikan waliandika juu ya grafu hizi 1968, si kitu kipya hichi, kwa nini tunaendelea kuwaficha wanafunzi?

Ripoti yangu ilipita mara ya pili, na wiki iliyopita nimesimama chuo kilekile, ukumbi uleule, mie ndo nafundisha kwantaili, na data niliyotumia ni pweza wangu wa Tumbe. Basi nyie mnaoandika ripoti saivi, choreni kwanza. Msipanue makundi ya histogramu mpaka yaseme mnachotaka, hiyo ni kujidanganya na kumdanganya anayekusomeni. Choreni, tazameni ncha, ndo muandike.

Na wewe wa Mkoani, nitumie grafu mbili, moja ya data ilivyo na moja ya logi, leo baada ya isha nitakuwa nakusubiri.