Kabla hujamwacha fundi wa Guangzhou, uliza zipu inatoka wapi

Agosti 2022 nilikuwa nimesimama kwenye stoo ya kiwanda cha mabegi huko Binh Duong, wakati ule mkoa uliopakana na jiji la Ho Chi Minh, Vietnam. Nilikuwa nimefika huko kutafuta mabegi ya shule baada ya miaka miwili ya kuteseka na mizigo ya China. Mkalimani alikuwa akinisomea sifa za kiwanda: cherehani mpya, wafanyakazi vijana, wateja wa Marekani na Ulaya. Mimi macho yalikuwa kwenye maboksi. Maboksi ya zipu yameandikwa Guangdong. Majora ya kitambaa yana lebo za Zhejiang. Nikauliza zile klipu za plastiki za mikanda zimetoka wapi, akajibu bila wasiwasi: Guangdong. Kilichokuwa cha Vietnam pale ni jengo, umeme na mikono ya akina dada waliokuwa wakishona.

Laiti ningejua siku ile maana ya yale maboksi, ningeokoa fedha nyingi. Naandika sasa kwa sababu kijana wa fremu ya jirani, hapa Kariakoo, aliniambia juzi kuwa anataka kuhamishia mtaji wake wote Vietnam kwa kuwa "viwanda vimeshaondoka China." Nimemwomba asubiri kwanza. Na wewe unayewaza kama yeye, nipe dakika chache.

Turudi nyuma kidogo. Januari 2020 nilikuwa nimeshatuma kianzio cha asilimia 30 kwa fundi wangu wa Shiling. Ni mji ulioko wilaya ya Huadu, kaskazini mwa Guangzhou, na shughuli yake kubwa ni mabegi: anayeshona yuko hapo, anayeuza kitambaa yuko hapo, anayeuza vichwa vya zipu peke yake naye yuko hapo. Tarehe 23 Januari mji wa Wuhan ukafungwa, siku mbili tu kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina. Wafanyakazi walikuwa wamekwenda mikoani kwao kwa sikukuu, na wengi hawakuweza kurudi kwa wiki nyingi. Kianzio changu kikalala China, na mimi nikalala macho Dar es Salaam.

Mwaka 2021 ukawa mgumu zaidi. Machi, meli ya Ever Given ikakwama Suez kwa siku sita. Meli zetu za kutoka China hazipiti Suez, lakini makontena ya dunia ni yale yale. Yakikwama huko, huku yanaadimika. Mwishoni mwa Mei bandari ya Yantian, Shenzhen, ikapunguza kazi kwa sababu ya maambukizi, na Agosti ikawa zamu ya gati moja kubwa la Ningbo. Kontena la futi 40 nililozoea kulisafirisha kwa chini ya dola 3,000 likanigharimu karibu mara tatu. Halafu masika ya 2022 Shanghai ikafungwa miezi miwili. Hapo nikasema basi. China ilikuwa bado imefunga mipaka, Vietnam imeshafungua tangu Machi 2022, na kila taarifa ya biashara niliyosoma ilisema viwanda vinahamia huko. Nikakata tiketi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutouliza ni kwa nini vinahama. Nilidhani ni corona tu. Corona ilisukuma, ndiyo: mwaka 2020 serikali ya Japani ilitenga zaidi ya yeni bilioni 200 kusaidia kampuni zake kupunguza kutegemea China, nyingi zirudi nyumbani na nyingine ziende nchi za Kusini Mashariki mwa Asia. Lakini kwa upande wa mabegi safari ilikuwa imeanza zamani. Mwaka 2016 Marekani iliondoa ushuru kwa mabegi ya safari na mikoba kutoka nchi maskini, Kambodia ikiwemo, na viwanda vikaanza kuchipuka huko. Mwaka 2018 ikaweka ushuru wa nyongeza wa asilimia 10 kwa mabegi ya China, na mwaka uliofuata ukapanda hadi asilimia 25. Mwenye kiwanda anayemuuzia Mmarekani alikuwa na sababu nzito ya kufunga cherehani zake na kuvuka mpaka.

Sasa jiulize: wewe unayeuza Kariakoo, Kisutu au Gikomba, ushuru huo unakuhusu nini? Jumuiya ya Afrika Mashariki ina ushuru wa pamoja wa forodha. Begi likitoka China au likitoka Vietnam, kiwango ni kile kile. Anayemuuzia Mmarekani akihama, anapata nafuu inayofidia gharama za kuhama. Ukimfuata wewe, unamsaidia kulipa gharama na ile nafuu huioni. Hili ndilo ninalotamani kila mfanyabiashara mdogo alielewe, kwa sababu halimo kwenye taarifa zile zinazotusisimua.

Nilikuja kulielewa kwa kuumia. Kiwanda cha Binh Duong kilitaka vipande 3,000 kwa kila mtindo, rangi moja. Guangzhou nilizoea kuchukua mia tatu, nikachanganya rangi, na kama kontena halijai nikachangia na wenzangu. Nikakubali, kwa kuwa nilikuwa nimeshafika na sikutaka kurudi mikono mitupu. Kitambaa kikachelewa kutoka China, kwa hiyo ushonaji ukachelewa. Mzigo ulipopakiwa ukashushwa Singapore kusubiri meli nyingine. Shule zetu zinafungua Januari. Mzigo wa mabegi ukiingia Februari umeingia kwa wazazi walioshanunua. Wangu uliingia katikati ya Februari 2023. Nililipa stoo mwaka mzima, na kila begi lilikuwa limenigharimu karibu shilingi elfu mbili zaidi ya lile la Shiling.

Siwasemi vibaya watu wa Vietnam. Walishona vizuri kuliko mabegi yote niliyowahi kuuza, na wateja wanayasifu hadi leo. Walinipokea kwa heshima pia. Nilipotaja Tanzania, mwenye kiwanda aliniuliza habari za korosho, kwa maana nchi yao hununua sana korosho ghafi za kwetu, za Mtwara na Lindi, na kuzibangulia huko. Tatizo ni kwamba nilikwenda kununua kitu ambacho chao ni nusu.

Machi 2023, baada ya China kufungua mipaka Januari, nilirudi Shiling. Fundi wangu wa siku zote alinikaribisha chai, na katika mazungumzo akaniambia ameshafungua tawi Kambodia. Cherehani za huko zinashona kwa ajili ya Marekani tu, na kitambaa anakituma kutoka hapo hapo Guangdong. Sisi wa Afrika tumebaki kwenye kiwanda cha zamani, na kwa kuwa wateja wakubwa wamepungua pale, anapokea oda ndogo kwa moyo mkunjufu kuliko zamani. Kumbe kuhama kwa wakubwa kulikuwa kumenifungulia nafasi kule nilikokukimbia.

Tangu hapo nimejifunza kutouliza "viwanda vinakwenda nchi gani" kwa ujumla wake. Nauliza bidhaa yangu imetengenezwa kwa vitu gani, na vitu hivyo vinapatikana wapi. Chukua simu. Geuza boksi la Samsung dukani, mara nyingi utasoma Vietnam. Samsung ilianza kutengeneza simu Bac Ninh mwaka 2009, ikawavuta wauza vipuri wake mmoja mmoja, na ilipofunga kiwanda chake cha mwisho cha simu China, kule Huizhou, ilikuwa mwaka 2019, kabla hata ya corona. Miaka kumi! Huko ndiko kuhama kwenyewe, na ndiyo maana kumeshika. India nayo inakwenda njia hiyo: mwaka 2020 serikali ilianzisha motisha kwa wanaotengeneza simu nchini, na iPhone sasa zinaunganishwa karibu na Chennai kwa wingi. Indonesia imeshika nikeli, madini ya betri. Januari 2020 ilizuia kuuza nikeli ghafi nje ili mwenye kuitaka aje kujenga huko huko. Malaysia ina Penang na kazi yake ya chipu, ya miaka mingi. Haya mawili ya mwisho hayamgusi sana mwenye fremu, lakini yanaonyesha kitu kile kile: kiwanda kinakaa pale malighafi au ujuzi ulipo.

Kwa nguo, kipimo hicho kilinipeleka India, na huko sijajuta. Wateja wangu wa Njombe, Makete na Mbeya wanahitaji sweta za shule, maana baridi ya Juni huko si ya mchezo. Nilikwenda Ludhiana, jimbo la Punjab, mwishoni mwa 2023. Nikaomba kuona stoo kabla ya kuona sampuli. Tabia hiyo siiachi tena. Uzi ulikuwa umesokotwa mji huo huo. Rangi ilitiwa hapo hapo. Fundi alipokosea kijani cha shule moja, alirekebisha kwa siku nne kwa sababu mtia rangi yuko mtaa wa pili. Mzigo ukateremka kwa reli hadi bandari ya Mundra, Gujarat, na kutoka hapo bahari ni fupi kuliko ya China. Ukitafuta fulana, nenda Tirupur, jimbo la Tamil Nadu. Bangladesh ni nzuri pia kwa fulana, kwa kuwa wana viwanda vingi vya uzi wao wenyewe. Ila kwa suruali na mashati ya kitambaa cha kufuma, uliza tena swali la zipu, maana kitambaa hicho wanakiagiza sana kutoka China.

Dada, kaka, usidhani kuna nchi isiyo na siku mbaya. Mei 2021 mkoa wa Bac Giang, kaskazini mwa Vietnam, ulifunga maeneo manne ya viwanda kwa sababu ya corona, na miezi michache baadaye kusini kulikuwa na wafanyakazi wanaolala kiwandani ili kazi isisimame. Mei na Juni 2023 umeme ukakatika kaskazini kwa joto na ukame. Myanmar ilikuwa inasifiwa kwa nguo hadi jeshi lilipopindua serikali Februari 2021. Bangladesh, Julai na Agosti 2024, viwanda vilifungwa kwa machafuko hadi waziri mkuu Sheikh Hasina akaikimbia nchi. Na wale waliohamia Vietnam na Kambodia kukwepa ushuru wa Marekani, Aprili 2025 walitangaziwa asilimia 46 na 49. Ulisitishwa baada ya siku chache na baadaye ukapunguzwa, lakini wiki ile najua watu walioacha oda zikiwa mezani.

Kwa hiyo kabla hujatuma hata dola moja kwa kiwanda kipya, fanya haya niliyoyalipia mimi. Omba picha ya maboksi ya vifaa, siyo picha ya begi lililokamilika. Picha ya begi kila mtu anayo. Uliza kiwango cha chini cha oda kwa kila rangi, kwa maandishi. Uliza meli inapita wapi na inashushwa mara ngapi, halafu kaulize swali hilo hilo kwa wakala wako wa forodha hapa nyumbani, kwa sababu muuzaji atakupa siku za baharini tu na kukuachia za kusubiri. Ulizia mapema utaratibu wa ukaguzi wa TBS kwa nchi hiyo, au wa shirika la viwango la kwenu. Na tazama kalenda yao. Tet ya Vietnam huangukia siku zile zile za Mwaka Mpya wa Kichina, kwa hiyo ukidhani unakwepa likizo ya China kwa kwenda Vietnam, umejidanganya. India ni Diwali, Oktoba au Novemba, wakati ule ule ambao mtu wa mabegi na sweta anahitaji mzigo uwe umeshapanda meli. Bangladesh na Indonesia ni Idd.

Oda ya kwanza iwe ndogo kiasi kwamba ikipotea utaumia lakini duka litafunguliwa kesho yake. Kama kiwanda hakipokei oda ndogo, basi hakikujengwa kwa ajili yako, na hakuna ubaya kumwambia asante na kuondoka. Mimi nilishindwa kuondoka kwa sababu ya nauli niliyokwisha kulipa. Nauli ile ilikuwa dola elfu moja na kitu; mzigo ulionichachia ulikuwa mara kumi na zaidi ya hapo.

Kijana wa jirani alirudi jana na simu mkononi. Amewaandikia wauzaji watatu wa Vietnam, akawaomba picha za maboksi ya zipu. Wawili wamejibu. Tulizikuza zile picha pamoja, kaunta ya duka langu, tukasoma anwani moja baada ya nyingine: Guangdong, Fujian, Guangdong. Amebakiza China sehemu kubwa ya mtaji wake, na mwezi ujao tunakwenda naye Ludhiana, akatazame sweta kwa macho yake.